Bega Langu Lina Bima, Kichwa Changu Kina Maswali

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, mtaa wetu wa Sydenham, huku ugenini, wote umelowa, nami nina hasira ambazo nusu yake nastahili mwenyewe.

Miezi saba iliyopita, kwenye ghala letu Mobeni, foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, iligonga rafu na maboksi yakanifukia. Bega likavunjika. Kichwa hakikutoka damu, ila hakijakaa sawa mpaka leo. Nikisikia ule mlio wa foklifti inaporudi nyuma, miguu inakufa ganzi, najifungia chooni mpaka iondoke.

Ajali moja, mtu mmoja. Bima ya kazini inaona watu wawili.

Bega linapata fiziotherapia kadiri daktari anavyotaka, na hakuna anayelihoji. Kwa mwanasaikolojia nilipewa vikao vichache tu, na kuongezewa ni mpaka wao waridhike kwamba bado naumwa. Kijitabu chao kimeandika ukurasa wa kwanza kwamba afya ya akili na ya mwili ni sawa. Aliyeandika ukurasa huo bila shaka hajausoma wa tisa, wenye masharti hayo.

Wiki iliyopita walinipigia simu ili waridhike. Dada mwenye sauti tamu akaniuliza naendeleaje. Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa kwamba hata msibani habari ni njema, nikamjibu kwa Kiingereza safi kwamba sijambo, namshukuru Mungu. Kwetu unaanza na njema, kisha ndipo unasema "ila". Dada hakuingoja "ila" yangu. Alishukuru, akakata.

Leo jibu limekuja: mwanachama, kwa maelezo yake mwenyewe, anaendelea vizuri. Vikao vimefungwa. Jumatatu narudi kwenye rafu, na nikishindwa, kazi atapewa mwingine.

Watu wazima, wamesoma, wanakaa kwenye viyoyozi, wanapima ugonjwa kwa salamu!

Deo, Mkongo tunayefanya naye kazi, hakunionea huruma hata kidogo. "Eish, kaka, ungelia kwanza. Salamu ungetoa après, baadaye."

Na niungame, maana hapa sina wa kumdanganya. Haikuwa adabu peke yake. Mke wangu alikuwa jikoni, anasikia kila neno, na habari za chooni hakuwa anazijua.

Basi nimekata rufaa. Fomu inataka nieleze hali yangu kwa maneno yangu mwenyewe, kisha igongwe muhuri na mama wa ofisi ya wafanyakazi, ambaye siri za watu ndizo vitafunio vyake vya saa nne. Nimeandika yote. Ganzi, choo, na ile siku niliyojikojolea nikiwa nimevaa sare ya kampuni.

Bega halikuwahi kuombwa liandike barua.

Jioni nimempa mke wangu asome kabla ya mtu mwingine yeyote. Amesoma mara mbili, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia niliona aibu. Amekaa nami mezani mpaka chai ikapoa.

Kesho asubuhi naipeleka ikagongwe muhuri. Yule mama ataisoma, na kufika saa nne atakuwa ameshawasimulia wenzake.

Awasimulie.