Jina la kujaribia

Kindu, Jumanne

Siku nzima umeme unakatika na kurudi, mpaka nikataka kulia. Lakini vyombo vyote vya kuandikia na kujaribia programu vimeingia kwenye kompyuta. Programu ninayoiandika ni ya kutafuta watu waliopotea wakati wa vita.

Jaribio la kwanza lilihitaji jina la kubuni. Vidole hivi vikaandika la kaka yangu Saidi, aliyekimbilia njia ya Punia asirudi. Sijui kwa nini…

Jaribio likapita. Kwenye kioo cha kompyuta pakatokea: Saidi amepatikana.

Sikujua Mama amesimama nyuma yangu na chai.

"Saidi iko wapi?"

"Hii njo majaribio tu, Mama. Mashini haijui kitu, inarudisha tu jina nililoandika."

Nikanyoosha mkono nifute.

"Acha kwanza," akasema. "Nisome tena."