Maharage Uliyompa Mgeni

Mama,

Kaburi tumelisakafia, na mvua za kwanza zimenyesha hapa Gahanga. Shamba lako lipo, ingawa upande wa barabarani wamejenga nyumba mpya. Jirani yako Mama Uwase ndiye anayelilima. Amepanda yale maharage meusi yenye madoa, yanayowahi kukomaa kabla mvua haijakatika.

Hayo maharage ndiyo yamenifanya nikuandikie. Unamkumbuka yule mtafiti wa mbegu niliyemleta? Ulimpa chai, ukamfungia mbegu konzi mbili, ukaniambia, "Mtu akiomba mbegu unampa, we vipi?" Sikuona ubaya. Ndivyo mlivyokuwa mkipeana na majirani miaka yote.

Kisha akatoa fomu ya Kiingereza, kurasa nne. Nikakuambia, "Weka dole gumba hapa, Mama, ni mahudhurio tu." Ukaweka.

Mwezi uliopita kampuni moja ilileta maombi ofisini kwetu, tunakotoa vibali vya mbegu. Inataka kuzalisha mbegu hiyo na kuiuza nje. Sheria inadai idhini ya walioitunza, na mgawo wao katika faida. Idhini ilikuwemo, ile fomu ya mtafiti, na dole gumba lako juu yake. Karatasi inasema ulielezwa kila kitu, ukaitoa mbegu bure, wewe na majirani zako, milele. Mimi ninayelipwa kusoma karatasi za namna hiyo, ile sikuisoma.

Nilikaa nayo siku tatu. Ningenyamaza ingepita, na wanawake wa hapa wasingepata hata asante. Siku ya nne niliandika ripoti: mtoa idhini hakuelezwa, na mfasiri nilikuwa mimi. Bosi aliisoma mara mbili, akaninyang'anya mafaili yote mpaka uchunguzi uishe. Huenda nikafukuzwa. Kampuni imeambiwa ije ikae na majirani upya.

Nilikwenda kumwambia Mama Uwase mwenyewe. Hakufoka. Aliuliza tu, "Kwani siku ile ulikuwa na haraka gani?"

Sikuwa na haraka, Mama. Nilitaka mgeni anione mtu mkubwa. Naona aibu, wallahi naona aibu.

Pumzika sasa. Kikao ni Jumanne, uani kwako, na Mama Uwase ameniomba mimi niwasomee. Nitaisoma fomu mpya kwa Kinyarwanda, mstari kwa mstari, na wakisema hapana, nitaandika hapana.

Mwanao,
Damas