Mama Mkwe Anachemsha Majani ya Viazi Mviringo

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana nimebanwa pande zote. Nafanya kazi maabara, tunaletewa majani, mashina na maganda ya viazi mviringo ambayo wakulima huyatupa, tunayaloweka kwenye siki kali, tunachuja, tunasafisha, mwisho tunabaki na unga kiduchu wa kutengenezea dawa kiwandani, na miaka yote mama mkwe alikuwa akiniita mwosha chupa, hadi mume wangu alipomweleza kazi yangu hasa, basi akageuka, akawa ananisifu mtaa mzima, "Mkwe wangu anatoa dawa kwenye majani ya viazi!", nami kichwa kikanivimba, sikumwambia kwamba yale majani yenyewe ni sumu. Leo nimemkuta jikoni anachemsha sufuria nzima, nikamuuliza, akasema, "Ya jirani yetu, fundi cherehani. Magoti yanamsumbua. Jana kanywa kikombe, katapika, lakini si ndiyo uchafu unatoka?" Nikaimwaga sufuria nikijifanya nimeteleza, ila majani bado anayo, na nikisema ukweli nitamvunjia heshima, nami nitarudi kudharauliwa. Nifanyeje?

Mkwe mwenye hofu

Mwanangu, barua yako haikungoja gazeti. Nilipofika kwenye neno "katapika" nilikupigia simu: mwache mama, kimbilia kwa fundi! Ukampeleka hospitali, ukamtajia daktari majani bila kuficha, akalazwa, na sasa amerudi kwenye cherehani yake. Mshukuru Mungu.

Sikulaumu kwa kupenda sifa. Aliyenyimwa neno jema miaka mingi, akilipata hulishika kwa mikono miwili. Lakini kule kuteleza kwako kulimwaga maji tu, hakukumwaga imani ya mama. Na heshima gani hiyo ya kulindwa kwa tumbo la jirani?

Umeniambia kwamba ulipomweleza mama ukweli alisema, "Kumbe ungeniacha niue mtu kwa mapenzi?" akajifungia chumbani. Usimfuate na somo la maabara. Mpelekee chai, kaa naye hata asipojibu. Akitoka, nendeni pamoja kwa fundi mkaombe radhi, nawe utangulie kusema, kwa kuwa wewe ndiye uliyejua. Kisha piteni kila nyumba alikojisifia, mseme wazi: majani ya viazi mviringo, machipukizi yake na viazi vilivyogeuka kijani, usile, usinywe.

Hapo mwachie mama aseme mwenyewe. Wewe mtaa unakuheshimu, lakini yeye ndiye wanayemsikiliza. Nendeni leo.