Chango na Matundu Madogo

Na lile swali lako, Somoe, kama ukubali daktari aingize kamera tumboni kwa matundu madogo atafute chanzo cha maumivu yako, limenikaa moyoni. Huku Lionja tu wazima. Babu yako mpya, mume wetu, ananichomea korosho huku akiniita bibi harusi, nami nayeyuka!

Nikiwa msichana kule Malolo, niliumwa chini ya kitovu miezi na miezi. Shangazi akasema, "Chango hilo. Mwanamke gani hana?" Nikanywa mizizi. Kwa kuwa jina lilishapatikana, hakuna aliyetafuta zaidi. Mpaka leo natamani kujua mle ndani mlikuwa na nini.

Wewe unaweza kuchunguliwa, mjukuu wangu. Hata wasipoona kitu, maumivu yako ni ya kweli. Nitajie siku tu. Kabla mwezi haujaisha nitakuwa kando ya kitanda chako, na bwana harusi wangu mkononi.