Betri Iliyozidi Kisanduku

Baba watoto,

Usiikalie pikipiki, hata kwa mzaha. Ufunguo nimeondoka nao.

Asubuhi hii nilimpandisha binti yako nyuma nimpeleke shule. Kiti kikabonyea, cheche zikaruka chini yake, na harufu ya kuungua ikatoka. Nikamnyakua, kiti kikainuka, zikakoma. Betri uliyonunua jana ni ndefu kuliko kisanduku chake, kwa hiyo bati la kiti linagusa ncha zote mbili. Na tangi la petroli liko pale pale! "Kubwa ndiyo hudumu," ulisema. Haya, imedumu.

Nimeichomoa, waya wa hasi kwanza. Iko uani kwenye beseni, usiiingize ndani. ~~Irudishe dukani leo.~~ Usiirudishe peke yako, utauziwa kubwa zaidi. Jioni twende wote na ile ya zamani, tulinganishe urefu na upande wa chanya.

Uji uko jikoni.

Tunakwenda kwa miguu. Mtoto ameuliza ile harufu ni ya nini, nikamwambia ni vumbi limeungua. Akikuuliza, mjibu hivyo hivyo. Ila mimi usiniambie ni vumbi.

Mama watoto