Kazi Niliyosema Nimeifanya Peke Yangu

Alhamisi. Mvua imeshinda ikinyesha Diani.

Nitasema moja kwa moja, maana nikianza kuzungukazunguka sitafika. Fundi Rashidi amefukuzwa kazi jana, na sababu ni mimi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Mwanamisi, nasomea ufundi wa friji na viyoyozi, na hizi ni wiki zangu za mwisho za atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, katika hoteli moja ya hapa ufuoni. Bila atachimenti hakuna cheti. Mama yangu kule Kikoneni amekiombea dua cheti hicho mpaka majirani wamezoea kuitikia amina.

Fundi Rashidi ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Ni mtu wa Tiwi, ana zaidi ya miaka ishirini katika hoteli hii, na hana cheti hata kimoja. Alifundishwa na fundi mwingine, naye huyo alifundishwa na mwingine. Wiki mbili za kwanza hakuniruhusu kushika spana. "Tazama kwanza," alikuwa akiniambia. "Nyinyi watoto wa chuo mikono yenu ina haraka." Nilikasirika, wallahi. Chuoni nilikuwa wa pili darasani, nikaja huku kuegemezwa ukutani kama ufagio! Lakini wiki ya tatu akanipa spana, na niliyoyajua kwake kwa mwezi mmoja sikuyapata kwa miaka miwili ya ubaoni. Chuo chetu kina mashine mbili za mazoezi, zote mbovu. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, tulikuwa tukiichora tu.

Sasa kosa langu.

Atachimenti ina kitabu chake. Kila siku unaandika kazi uliyoifanya, kwa Kiingereza. Kila Ijumaa msimamizi anatia sahihi, na mwisho wa mwezi ofisi ya hoteli inapiga muhuri. Mwalimu akija kukukagua, alama anazitoa humo. Waliotutangulia walituonya kwamba ukikijaza kwa kutazama na kusaidia tu, alama nzuri utazisikia kwa wenzako. Basi mimi nikaandika. Nimebadilisha kompresa ya friji ya jikoni, peke yangu. Nimejaza gesi kwenye viyoyozi vya vyumba vya juu, peke yangu. Msimamizi hakuwapo. Hilo la hakuwapo nililiongeza kwa raha zangu, ili nionekane shujaa.

Alikuwapo. Siku ya kompresa yeye ndiye aliyechomelea mabomba, amelala sakafuni na goti lake bovu, mimi nikimshikia tochi.

Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alikuwa akiniuliza, "Umeandika kweli?" Nami nikimjibu, "Ndiyo, fundi." "Haya, lete kalamu." Anatia sahihi bila kusoma. Si kwamba hajui Kiingereza. Miaka yote hiyo na wageni, angekisoma akitaka. Hakuona haja. Aliniamini.

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu ilikwenda miezi miwili, nikadhani nimeshafika salama.

Msimu huu wageni ni wachache na meneja anatafuta wa kupunguza. Kitabu changu kilikuwa mezani kwake kikingoja muhuri, akakisoma. Jana akatuita sote wawili. Akamsomea Fundi Rashidi ukurasa baada ya ukurasa, akimfasiria kwa Kiswahili polepole, kama anayemsomea mtoto. Hakuwapo. Hakuwapo. Hakuwapo. Na chini ya kila wiki, sahihi ya fundi mwenyewe.

"Kama mwanafunzi ndiye anayefanya kazi yote, mzee, wewe tuko nawe wa nini?"

Fundi alinigeukia mimi. "Mwanangu, siku ile ya kompresa, mimi sikuwako?"

Nilitazama viatu vyangu.

Sina namna nzuri ya kulisema hili. Mtu amenifundisha kazi kwa mikono yake, akaniuliza neno moja tu mbele ya mkubwa wake, nami nikatazama viatu. Meneja akamwambia kazi yake imeishia hapo, naye akasema "Haya," akaweka funguo za stoo mezani, akatoka. Meneja akaniambia nikimaliza atachimenti kuna nafasi, nianze kujiandaa. Nafasi! Astaghfirullah, na kwa sekunde moja nilifurahi. Naandika hapa ili nisije nikajifanya baadaye kwamba sikufurahi.

Leo asubuhi jikoni hakuna aliyeniitikia salamu vizuri. Mama Zuhura, anayewapikia wafanyakazi, alinipa chai bila kunitazama, akaiambia sufuria yake, "Asante ya punda mateke." Niliinywa ile chai yote. Sikuwa na uso wa kuirudisha.

Nikakusanya ujasiri nikaenda kwa meneja. Nikamwambia nilidanganya kitabuni, fundi alikuwapo kila siku. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Basi niandikie barua useme hivyo," akasema, "nami nitaituma chuoni kwenu. Au tuende na kitabu kilivyo. Chagua." Nikasema nitafikiri. Nitafikiri nini? Nilijua palepale kwamba barua hiyo ni kufutiwa atachimenti, na kufutiwa atachimenti ni kurudi Kikoneni mikono mitupu. Nikatoka na woga wangu.

Saa sita mchana chumba cha baridi cha kuwekea samaki kikaanza kupata joto. Nikaitwa mimi, fundi wa peke yangu. Barafu ilikuwa imeifunika feni ya ndani yote, upepo haupiti. Jina la tatizo nililijua, tulilisoma muhula wa pili. La kufanya sikulijua. Mpishi mkuu amesimama nyuma yangu, kila dakika "Vipi, dada?" na samaki wa wiki nzima wakitona maji. Nikampigia simu Fundi Rashidi. Nilidhani hatapokea.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nikamweleza. Akaniambia nizime umeme, nisiigonge barafu kwa bisibisi nisije nikatoboa bomba, niimwagie maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Halafu nifungue kisanduku chenye saa ya kuyeyushia barafu, niizungushe kwa mkono. Kweli, saa ilikuwa imekwama. Alikaa nami kwenye simu karibu saa nzima, kwa upole uleule, hata nilipomwomba arudie aliyokwisha kuyasema. Nikasikia mkewe akimuuliza anazungumza na nani. Akajibu, "Kazini."

Nikarudisha umeme, feni ikazunguka. Mpishi akapiga makofi. Nikasema, "Imekubali, fundi."

"Vizuri. Na hii nayo kaandike sikuwako."

Akakata simu.

Nimelia chooni mpaka mtu akagonga mlango. Sikulia kwa sababu amenitukana, maana hakunitukana. Amesema kitu nilichokuwa nimekwisha kukifanya mara nyingi, kwa mwandiko mzuri.

Sasa magharibi imeingia na barua ya meneja nimeshaiandika, kurasa mbili. Nimeorodhesha kila kazi na nani aliyeifanya. Kwenye nyingi jina langu limekuja la pili, na kwenye nyingine halimo. Nikiitoa, cheti mwaka huu sahau, pengine na chuo chenyewe. Nikiikalia, huyu mzee amekwisha. Mama sijampigia. Meneja anaweza kuipokea barua na bado asimrudishe, nalo hilo nalijua.

Kesho kabla ya kwenda kazini nitapita Tiwi nimsomee fundi kwanza, mkewe akisikia, ndipo niipeleke ofisini. Sina hakika kama atanifungulia mlango.

Nitapiga hodi hata hivyo.