Ngitili ya Luhende

Mwangollo, Nzega
9 Septemba 1952

Kwa mwanangu Sylvester,

Pokea salamu za shangazi yako. Mimi mzima, isipokuwa mgongo unaoniuma kwa kuvuta ndoo, na habari za huo mgongo ndizo zilizonishikisha kalamu. Natumaini nawe huko Gongoni ni mzima, na kazi yako ya ubwana shamba inakwenda vizuri.

Kisima kinakufa. Kisima alichochimba babu yako Ngollo aliporudi kutoka pwani kubeba pembe za ndovu za watu, wapagazi wa kwenda Ziwa wakanywa hapo, na baba yako Luhende akakisafisha kila mwaka mpaka alipotutoka. Leo nikiteremsha ndoo inapanda na tope. Zamani nyumba zote kumi na moja zilichota asubuhi, na ikifika saa sita maji yamesharudi palepale. Sasa wanachota wa nyumba nne, wengine wanakaa na madebe yao mpaka alasiri wakisubiri yachuruzike.

Sababu unaijua. Kilima kilicho juu ya kisima kilikuwa ngitili ya baba yako. Mvua ya kwanza ikinyesha alikifunga, haingii ng'ombe wala jembe, nyasi zinakua zinavyotaka, mpaka kiangazi kikali ndipo anakifungua ili mifugo ipate kula. Halafu wewe, mrithi wake, ukamwandikia mwanangwa wetu Masolwa kwamba ngitili ifyekwe iwe shamba la mfano la pamba. Masolwa ndiye mkuu wa kijiji, kwa hiyo ukamwuliza yeye. Mimi ninayekaa hapa hukuniuliza. Plau imepita misimu miwili. Mvua ikipiga kilimani sasa inateremka mbio, nyekundu, inakipita kisima inakwenda zake mbugani. Haisimami hata kusalimia.

Mwandikie Masolwa tena. Mwambie ngitili ifungwe kabla ya mvua za Novemba. Mstari mmoja unatosha.

Ni mimi shangazi yako,
Eustadia


Gongoni, Tabora
28 Septemba 1952

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na pole sana kwa mgongo.

Barua yako nimeipata na sitaficha, imeniudhi. Umeniandikia kama vile nimeiba. Maji ya kisima, shangazi, yako chini kwenye mwamba, hayana habari na nyasi za juu. Tena nyasi zenyewe zinakunywa. Ukiziondoa, maji yanayobaki ni mengi zaidi, ndivyo tulivyofundishwa. Visima vinapungua kwa sababu ya ukame, na ukame haukuletwa na mimi. Waambie watu wachimbe zaidi.

Shamba lile limekwisha kuonyeshwa wageni. Bwana Mkubwa wangu amelipiga picha. Nikiandika lifungwe ili ng'ombe wapate majani, nitaonekana mtu wa namna gani? Nakuomba, mambo haya usiyapeleke kwa watu. Jina langu ndilo linalonilisha.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Sylvester


Mwangollo
20 Oktoba 1952

Sylvester,

Marahaba. Sisi wazima kwa kiasi chake.

Ukame gani? Machi iliyopita mvua ilizoa daraja pamoja na mbuzi wawili wa jirani yetu Raymundi. Mvua ya kuzoa daraja unaiita ukame? Na kuchimba tumechimba, pima mbili nzima. Ndugu yako Modest amevunja mtaimbo wake kwenye mwamba, na chini ya mwamba kuna mwamba.

Nyasi zinakunywa, sikatai. Hata mchunga ng'ombe hunywa maziwa. Lakini ni nani anayeifungulia mvua mlango iingie ardhini? Mizizi, mchwa, majani yanayooza. Ninyi mmewafukuza wote, mmeacha udongo uchi, ukipigwa na mvua unafunga uso. Nimeshinda miaka hamsini nikikiangalia kilima hicho. Wewe umekisoma darasani.

Mvua imebaki wiki tatu. Andika.

Shangazi yako,
Eustadia


Gongoni, Tabora
14 Februari 1953

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za masiku mengi? Mimi mzima, ila kazi zilinibana hata nikashindwa kujibu.

Nimepandishwa cheo. Sasa nina baiskeli ya ofisi na watu sita chini yangu. Kwa furaha hiyo nakutumia kanga doti moja kwa mkono wa Batuli, mke wa dereva wa lori la Nzega.

Lile jambo la kilima nitaliangalia. Pamba ikishakuwa shambani haiwezekani kulifunga, subira kidogo. Usiniwekee hasira.

Mwanao,
Sylvester


Mwangollo
2 Agosti 1953

Sylvester,

Kama u mzima ni vizuri. Sisi usituulize.

Kanga nimemrudishia Batuli. Ni nzuri, lakini sina maji ya kuifulia.

Kisima kilikauka Ijumaa, tarehe kumi na saba Julai. Modest aliteremka mpaka chini akapanda na viatu vikavu. Josepha, jirani yangu wa miaka thelathini, ameezua paa lake akabeba miti kwenda kwa wanawe Igunga. Hatukuagana vizuri, kila mmoja alikuwa na hasira na hakuwa na mtu wa kumpiga. Nyumba kumi na moja zimebaki sita. Tunafukua mchanga wa mtoni, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, debe kichwani, na ng'ombe wa watu wanayagombea maji hayohayo. Mke wa Modest, Getruda, alijifungua tukamwosha mtoto kwa nusu kibuyu. Mtoto wa kwanza wa ukoo huu kuoshwa kwa kupimiwa.

Na wewe umepandishwa cheo. Hongera. Umepandia mgongoni kwangu.

Nilikulea tangu mama yako alipofariki, kwa hiyo nina haki ya kusema hili: ninakuonea aibu. Ulikuwa na mwaka mzima na mstari mmoja wa kuandika. Usinijibu kama bahasha haina barua ya kwenda kwa Masolwa ndani yake.

Eustadia


Kwihara, Tabora
19 Januari 1954

Shangazi,

Shikamoo. Sithubutu kuuliza afya yako, lakini nauliza.

Barua ya kwenda kwa Masolwa imo ndani ya bahasha hii. Isome kwanza hiyo, ndipo unisome mimi.

Nimetumwa huku Kwihara kupima mashamba mapya. Mzee Nassibu, ambaye baba yake aliuzia misafara chakula, alinipeleka ilikokuwa ikipiga kambi. Uwanja ule ulikanyagwa na maelfu ya watu na punda, na mpaka leo ni mgumu kama sakafu. Kisima cha pale ni shimo la popo. Hatua mia tatu pembeni kuna makaburi ya zamani. Watu waliogopa kulala hapo, vichaka na nyasi zikabaki, na kisima cha hapo kina maji ambayo Nassibu anayanywa.

Kesho yake mvua kubwa ikanyesha, na ilipokatika nikachukua jembe. Kwenye uwanja wa kambi, unyevu uliingia kidole kimoja, chini yake vumbi. Kwenye kichaka nilichimba mpaka nikatia mkono mzima, bega likagusa ardhi, na vidole bado vilikuwa kwenye udongo mbichi. Nimepima mara nne kwa sababu nilitaka iwe uongo. Nyasi zinakunywa, ni kweli, lakini maji zinayoyaingiza ardhini ni mengi kuliko zinayokunywa. Nilifundishwa nusu ya jambo nikaja kukutukana nayo.

Nina hasira, na sina wa kumtolea. Nilimpelekea Bwana Mkubwa ripoti ya kurasa saba. Ameirudisha akiwa ameandika juu yake kwamba shamba la mfano liendelee. Ndiyo maana barua ya Masolwa nimeiandika kama mwana wa Luhende, si kama mtumishi. Wakiiona, sidhani kama nitabaki kazini.

Krismasi sikuja kwa aibu. Nitakuja Pasaka. Nisamehe, shangazi.

Mwanao,
Sylvester


Mwangollo
22 Machi 1954

Kwa mwanangu Sylvester,

Marahaba. Mimi nipo, mgongo ni uleule. Mtoto wa Getruda ameanza kusimama.

Barua yako ilisomwa barazani. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilimwambia Masolwa akakisomee kisima, nacho kikipiga makofi nitapiga.

Pamba tumeing'oa. Kilima kimefungwa, lakini kinachoota sasa ni magugu tu, na korongo lililochimbwa na maji linamfika mtu kiunoni. Raymundi anasema nyasi zenyewe zitataka miaka mitano au sita, na maji yafuate baadaye. Mimi nina miaka sitini na mmoja. Huenda sitayaona. Nakuandikia hili ili uumie, kwa sababu mimi limeniuma.

Unaomba msamaha. Bado sina. Ukipatikana nitakuandikia.

Jambo lingine. Wenye nyumba sita walikaa Jumapili baada ya Misa kukuhukumu. Sheria ya hapa kwetu unaijua: anayefungua ngitili wakati wa mvua, hata iwe yake, yuko mikononi mwa majirani. Wengine walitaka utozwe ng'ombe. Modest akauliza huyo ng'ombe atakunywa nini. Mwisho wakakata hivi: kwa mwaka mmoja, hakuna nyumba itakayokupa maji, wala ya kunywa wala ya kunawa. Masolwa akanigeukia akaniuliza, mimi mtu wa damu yako, ninaomba nini. Walitazamia nikutetee. Niliinua mkono pamoja nao. Nililia, lakini mkono sikuushusha mpaka walipomaliza kuhesabu.

Hata hivyo, Pasaka njoo. Kazi ikikufukuza, njoo ukae, maana kilima kinataka mlinzi, na ng'ombe wa watu hawasomi barua. Shuka kwenye lori pale mtoni. Fukua mchanga kama tunavyofukua, jaza debe, ulibebe kichwani saa mbili kama tunavyolibeba. Tutakuona ukija tangu mbali.

Kuku nimeshamtenga. Nitakupikia mwenyewe, kwa maji utakayokuja nayo.

Shangazi yako,
Eustadia